Penda kuba, lakini ulizia risiti

Wasee, leo naongelea jengo ambalo wengi wetu tumeliona kwa skrini tu: Basilika ya Mtakatifu Petro, kule Vatikani, katikati ya Roma. Lile lenye kuba kubwa ambalo kamera hulionyesha kila Krismasi, na kila wakati Papa mpya anachaguliwa.

Picha yake ikipostiwa tu, watu hugawanyika mara mbili. Kuna kikosi cha "hii ni nyumba ya Mungu, kwani unauliza bei ya nini?" Halafu kuna kikosi cha "huo ni wizi mtupu, uzeni kila kitu mlishe maskini." Nimewasoma wote, na naona wote wanakwepa kazi. Wa kwanza hawataki kuangalia hela. Wa pili hawataki kuangalia jengo.

Msimamo wangu ni huu: hilo jengo ni zuri kweli, na sehemu ya pesa zake zilipatikana kwa njia ya aibu. Zote mbili ni ukweli. Na ukisoma historia yake vizuri, utaona wale waliouliza maswali kuhusu pesa hawakuliharibu. Jengo lilikuwa bora kwa sababu kuna watu waliuliza.

Hebu tuanze na uzuri, maana huwezi kukosoa kitu ambacho hujakiangalia.

Kuba lenyewe lina upana wa karibu mita 42 kwa ndani. Kutoka sakafuni hadi ncha ya msalaba ulio juu kabisa ni karibu mita 136. KICC yetu ni mita 105. Yaani chukua KICC, ipandishie jengo lingine la ghorofa kama kumi, ndio ufikie huo msalaba. Na kuba lilifungwa mwaka wa 1590, kabla ya injini, kabla ya umeme, kabla ya mtu yeyote kuwa na kikokotoo mfukoni.

Shida ya kuba ni kwamba uzito wake hausukumi chini peke yake. Unasukuma pia kwenda nje. Simamisha gunia la mahindi uone vile linafura ubavuni, kuba nalo linataka kufanya hivyo hivyo. Kwa hivyo waliweka nguzo nne nene ajabu chini yake. Halafu wakajenga makuba mawili, moja ndani ya lingine, na ngazi zinapita katikati. Wakaweka mbavu 16 za kubeba uzito. Na ndani ya ukuta wakaficha minyororo ya chuma inayozunguka kuba lote, inafanya kazi kama ule ukanda wa chuma unaofunga pipa.

Chini ya kuba kuna sehemu ya duara yenye madirisha 16. Hiyo ndiyo siri ya zile picha za miale ya jua ikianguka ndani kama mvua. Hakuna kichujio cha simu hapo. Mtu aliketi chini akapanga nuru iingilie wapi.

Ukiangalia juu ndani ya kuba unaona Yesu, Maria, mitume, watakatifu na malaika. Kwa mbali unafikiri ni rangi, kumbe ni mozaiki, vipande vidogo vidogo vilivyopangwa kimoja kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwa kufuata michoro ya Giuseppe Cesari. Tena picha nyingi zinazoonekana kama zimechorwa kwa brashi ndani ya basilika hiyo ni mozaiki, kwa sababu unyevu ulikuwa unakula rangi. Maandishi yanayozunguka mguu wa kuba yana herufi za karibu mita 2. Ni refu kukuliko, lakini kutoka chini zinaonekana kama maandishi ya kawaida tu.

Ukiingia mlangoni, upande wa kulia, kuna Pietà. Maria amempakata mwanawe aliyekufa, wote wawili wametoka kwa jiwe moja la marumaru. Michelangelo aliichonga kati ya 1498 na 1499, akiwa na miaka ishirini na kitu. Miaka yetu hii. Angalia vile nguo ya Maria imekunjana, halafu ujikumbushe kwamba hilo ni jiwe.

Sasa bili.

Papa Julius II aliweka jiwe la msingi tarehe 18 Aprili 1506. Pale pale palikuwa na basilika nyingine, iliyoanzishwa na Kaizari Konstantino zaidi ya miaka elfu moja na mia moja kabla. Msanifu wake, Bramante, alianza kuibomoa kwa kasi hadi watu wa Roma wakambandika jina la Mbomoaji. Alikuwa na ramani kali sana: msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, na kuba kubwa katikati. Lakini Julius akafa mwaka wa 1513, Bramante akafa 1514, na mradi ukabaki kuwa shimo, nguzo nne na deni.

Hapo ndipo Papa Leo X alipochukua njia ya mkato. Mwaka wa 1515 alitangaza rehema kwa watakaochangia ujenzi. Kwa wasiojua, rehema kwa mafundisho ya Kikatoliki ni ondoleo la adhabu ya muda kwa dhambi ambazo tayari zimesamehewa, kwa mfano adhabu ya toharani. Kwenye vitabu, mtu bado alitakiwa kutubu. Barabarani, wahubiri waliiuza kama bidhaa: toa hela, roho ya babako itoke toharani.

Lakini kuna kitu wale waliotoa hawakuambiwa. Kule Ujerumani, Albrecht wa Brandenburg alikuwa anataka kuwa Askofu Mkuu wa Mainz, na tayari alikuwa na vyeo vingine vya uaskofu. Ruhusa ya kuvishika vyote iligharimu pesa nyingi, akakopa kwa benki ya familia ya Fugger. Makubaliano yakawa hivi: nusu ya hela za rehema katika maeneo yake iende Roma kwa ujenzi, nusu nyingine ilipe mkopo wake.

Soma hiyo tena pole pole. Mama mmoja mkulima huko Ujerumani anatoa sarafu akiamini ananunua tofali la kanisa la Mtakatifu Petro. Nusu ya sarafu inaenda benki kulipia cheo cha mtu. Ingekuwa leo, tungesema paybill ilikuwa moja na akaunti mbili.

Mwaka wa 1517 mtawa na mwalimu wa chuo kikuu anayeitwa Martin Luther akaandika hoja zake 95. Watu hukumbuka teolojia, lakini kuna hoja pale ambayo ni swali la pesa, plain kabisa: kama Papa ni tajiri kiasi hicho, kwa nini asijenge hilo kanisa kwa pesa zake badala ya pesa za waumini maskini? Hilo swali lilijibiwa kwa vitisho, na Luther akatengwa na Kanisa mwaka wa 1521. Ukristo wa Ulaya Magharibi ukapasuka. Sisemi ulipasuka kwa sababu ya jengo moja, mambo yalikuwa mengi. Lakini swali la risiti lilikuwa pale mwanzoni kabisa, na waliolipuuza walilipa bei kubwa kuliko kuba.

Sasa njoo kwa Michelangelo, mara ya pili.

Alipewa mradi akiwa na miaka 71, baada ya msanifu aliyemtangulia, Antonio da Sangallo, kufariki mwaka wa 1546. Wakati huo ujenzi ulikuwa umekula miaka 40 na kuba halikuwepo. Sangallo alikuwa ametengeneza mfano wa mbao wa kanisa lake, wenye urefu wa zaidi ya mita 7. Upo hadi leo. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya Michelangelo na alikuwa rafiki yake, anasema mfano huo ulimeza zaidi ya skudi 4,000 na miaka mingi. Michelangelo akatengeneza wake kwa siku 15 na skudi 25.

Hata ukimpunguzia Vasari kidogo kwa sababu ya urafiki, ujumbe unafika.

Halafu kuna barua ambayo Michelangelo aliandika kuhusu ramani ya Sangallo. Alilalamika kwamba inaziba nuru, na kwamba imejaa vichochoro vya giza juu na chini, mahali pazuri pa wahalifu kujificha. Kwake, ramani ya Bramante ilikuwa bora kwa sababu ilikuwa wazi, rahisi na yenye mwanga. Kwa hivyo akafanya nini? Akakata. Akabomoa sehemu ambazo Sangallo alikuwa ameanza, akapunguza ukubwa, akaunganisha kila kitu chini ya kuba moja. Jengo likawa dogo, la bei nafuu zaidi, na kali zaidi.

Hii ndiyo sehemu inanimaliza. Zile picha za nuru zenye watu hupenda kupost zimetokana na mzee aliyekataa kona za giza.

Na hakuishia kwa ukuta. Alikataa mshahara wa kazi hiyo, akisema anaifanya kwa ajili ya Mungu. Ukiwa huli pale, ni vigumu mtu kukunyamazisha. Wakandarasi na wasimamizi waliozoea mambo ya zamani wakampiga vita kwa miaka. Kuna wakati waliletewa vifaa vibovu vya ujenzi, mzigo ambao yeye alishasema usipokelewe. Aliwaandikia wasimamizi kwamba ahadi, bakshishi na zawadi huharibu haki. Miaka zaidi ya 450 iliyopita, na mtu yeyote ambaye amewahi kusimama kwa saiti ya ujenzi Nairobi akiona lori la mchanga wenye matope likisainiwa, anaelewa hiyo barua bila mkalimani.

Michelangelo alifariki Februari 1564, kuba bado. Mwaka wa 1567 Papa Pius V akafuta rehema zote zilizoambatana na malipo. Yaani swali la Luther lilipigwa marufuku, lakini miaka 50 baadaye Kanisa lenyewe lilifunga hilo duka.

Na sasa angalia tarehe. Biashara ya rehema ilifungwa 1567. Kuba lilianza kupandishwa 1588, chini ya Giacomo della Porta na Domenico Fontana, likafungwa Mei 1590. Karibu miezi 22 tu. Della Porta aliliinua likawa limechongoka kuliko nusu duara, na hilo lilisaidia kupunguza ule msukumo wa kwenda nje.

Nataka kuwa mkweli hapa. Pesa za 1588 hazikuwa za malaika. Papa wa wakati huo, Sixtus V, aliongeza kodi na kuuza vyeo, na watu wa Roma hawakumpenda kwa hilo. Lakini ule wimbo wa "bila zile hela chafu tusingekuwa na hili kuba" hauna miguu. Hela za rehema za 1515 zilileta ujenzi kidogo, malipo ya mkopo wa mtu mmoja na mgawanyiko wa Kanisa. Kuba lilikuja kizazi kizima baada ya biashara hiyo kufungwa, kwa ramani iliyopunguzwa na mtu aliyechunga bajeti.

Mbona nawapeleka Roma yote hii? Kwa sababu Kanisa ni lile lile, na swali limefika hapa kwetu.

Mnakumbuka 2024. Vijana walikuwa barabarani, na makanisa nayo yakaulizwa wazi wazi kuhusu wanasiasa wanaokuja na mabunda ya pesa Jumapili. Novemba mwaka huo, Rais William Ruto alitoa mchango kwenye kanisa Katoliki la Soweto hapa Nairobi, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre. Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba hizo pesa zirudishwe. Haijalishi uko upande gani wa siasa. Askofu kusema "jengo letu halitajengwa na hii hela" ni jambo kubwa, na kwa Kanisa lenye historia ya 1515 nyuma yake, ni jambo kubwa mara mbili.

Lakini kurudisha hela ya rais ni rahisi kuiona, kamera ziko pale. Kazi ngumu iko kwa bahasha ndogo.

Kwa parokia yetu, na sitaitaja, kuna jengo limekuwa likipanda tangu niko darasa la sita. Mamangu hutoa 500 kila mwezi kwa bahasha ya ujenzi. Anauza mboga, kwa hivyo hiyo 500 naijua kwa majina: ni sukuma, ni nauli, kuna mwezi ilikuwa ni dawa yake. Mwaka jana kwenye mkutano wa jumuiya, mama mmoja jirani yetu aliuliza kwa adabu zote kama kamati inaweza kusoma hesabu. Alijibiwa, "Mama, sadaka ukishatoa umempa Mungu. Unataka Mungu akupe risiti?" Watu wakacheka. Yeye akaketi.

Nilimuuliza mamangu baadaye, "Mathe, na wewe hungependa kujua?"

Akaniambia, "Ningependa. Lakini nani atauliza baada ya ile kicheko?"

Hiyo kicheko ndiyo naandikia hii posti.

Kuna wale wataniambia sadaka ni imani na imani haina hesabu. Sawa, imani yako haina hesabu. Saruji ina hesabu. Fundi ana hesabu. Mungu hahitaji kutoa risiti, lakini Mungu si mweka hazina wa kamati.

Na kuna wale wa upande wa pili wataniambia tusijenge kabisa, hizo pesa zilishe watu. Nawaelewa, na kuna wakati huo ndio uamuzi sahihi. Lakini sikubali kwamba maskini wanahitaji chakula pekee. Mamangu akiingia kanisani Jumapili, hapo ndipo mahali pekee kwa wiki yake penye dari refu na utulivu. Watu wa mabati wana haki ya kuwa na mahali pazuri pia. Kuingia basilika kule Roma ni bure, maskini na bilionea wanasimama chini ya nuru moja. Hicho ni kitu. Ndiyo maana nataka pesa yake ilindwe, kwa sababu jengo zuri ni lake pia.

Wa mwisho ni wale wanaosema ukianza kuuliza maswali utavunja Kanisa. Hao nitawajibu na kuba lenyewe.

Katika miaka ya 1740, nyufa kwenye kuba zilianza kuogopesha watu. Papa Benedict XIV angeweza kupaka rangi juu yake na kusema ni maneno ya maadui. Badala yake aliita wanahisabati watatu wapime. Wakaandika ripoti, watu wakaibishania, kisha akaita mwingine, Giovanni Poleni kutoka Padua, apime tena. Wakakubaliana kufunga minyororo mipya ya chuma kuzunguka kuba. Poleni akachapisha kitabu kizima chenye nyufa hizo zikiwa zimechorwa, kila mtu aone. Hakuna aliyesema kupima nyufa ni kukosa imani. Kuba liko pale mpaka leo.

Na ofisi inayosimamia basilika, ile Fabbrica di San Pietro, bado ipo na ina kumbukumbu zake za karne nyingi, pamoja na vitabu vya malipo. Watafiti huingia wakasoma fundi gani alilipwa nini. Kwa hivyo hata Mtakatifu Petro ana risiti. Parokia yenye jengo la miaka kumi haina sababu.

Mimi naomba karatasi moja kwa ubao wa matangazo kila baada ya miezi mitatu. Iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na nani amesaini. Kama wewe ni kijana wa parokia na unajua kutumia kompyuta, jitolee kuichapa. Kama uko kwa mkutano na mama fulani akauliza hesabu halafu watu wakaanza kucheka, usimwache peke yake. Inua mkono, uliza swali lile lile tena.